Maua Kumi kwa Lita: Monoi ya Tahiti na Masharti Yake

Maneno haya niliyasema Tanga, mbele ya akina mama wasindikaji wa nazi, wasusi na wauza vipodozi. Nimeyanyoosha kidogo tu ili yasomeke.

Mama mwenyekiti, wazee wangu mliokaa safu ya mbele, kaka zangu wachache mliothubutu kuja, na nyinyi dada zangu wa saluni mliofunga milango siku ya Jumamosi, siku yenyewe ya kuingiza pesa, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mafuta ya nazi na urembo. Ningeweza kuyasifia mafuta yenu hapa mpaka adhuhuri, mkapiga makofi, tukala pilau, kila mtu akarudi kwake na alichokuja nacho. Nimeona heri niwapeleke Tahiti, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Kule kuna watu wenye minazi, wenye ua jeupe la kunukia, na wanaoloweka ua hilo ndani ya mafuta, mambo ambayo hata bibi zetu waliyajua. Tofauti ni kwamba mafuta yao yana jina linalolindwa kisheria na yanauzwa Ufaransa kwa bei ya heshima. Ya kwetu tunayatia kwenye chupa ya maji iliyokwisha tumika, tena mfuniko haukazi.

Kabla sijaendelea: ndani ya deli lile la barafu pale mezani nimetumbukiza chupa mbili ndogo. Zote zimeandikwa monoi. Zikae humo kwanza, tutazitoa baadaye.

Monoi ni mafuta ya nazi yaliyolowekwa maua. Ua linalotumika zaidi wanaliita tiare, na wataalamu wa mimea wanaliita Gardenia taitensis. Ni kichaka chenye majani ya kijani yanayong'aa, na ua lake ni jeupe, petali zimejipanga kwa mzunguko kama panga za feni. Ukoo wake ni mmoja na mbuni, kwa hiyo aliyewahi kupita kwenye shamba la kahawa Lushoto msimu wa maua ana pa kuanzia anapotaka kuiwazia harufu yake, ingawa tiare ni nzito na tamu zaidi. Kule ua hilo ndilo alama ya nchi. Wanaume kwa wanawake wanalichomeka sikioni: sikio la kulia maana yake niko huru, la kushoto maana yake nina mwenyewe. Naona kuna watu wameshaanza kujipapasa masikio.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana linawahusu. Ua hilo, pamoja na sifa zake zote, wataalamu wanaona halikuota Tahiti lenyewe tangu mwanzo. Lilikuja na watu, ndani ya mitumbwi mikubwa iliyosafiri kutoka visiwa vya magharibi ya Pasifiki, kiasi cha miaka 1000 iliyopita, pamoja na miche mingine waliyohitaji kuanzia maisha. Mpaka leo tiare huzalishwa kwa vipandikizi, mkono kwa mkono. Na mnazi nao una safari zake. Uchunguzi wa vinasaba vya minazi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha koo kubwa mbili duniani, ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi na Atlantiki. Koo hizo zinachanganyika huku kwetu, kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, Madagaska na Komoro, kwa sababu mabaharia waliofika Madagaska kutoka Asia ya Kusini-Mashariki walikuja na nazi zao. Lugha ya Wamalagasi na lugha ya Watahiti ni za ukoo mmoja. Kwa hiyo watu ninaowasimulia asubuhi hii si wageni kabisa katika bahari yetu.

Zamani mafuta yenyewe yalipikwaje? Hayakupikwa. Mama wa Kitahiti alikuna nazi, akatia maua, kisha akaongeza kitu ambacho kitawashtua: kaa yule mdogo anayejificha ndani ya kombe tupu la konokono wa baharini. Anatolewa, sehemu yake laini ya nyuma inapondwa, inachanganywa na nazi. Chombo kinawekwa juani kwa siku kadhaa, kinakorogwa mara kwa mara, na mafuta yanaanza kujitenga na machicha yenyewe. Msikunje nyuso. Ndani ya yule kaa kuna vimeng'enya vinavyolegeza nyama ya nazi na kuyaachia mafuta. Sisi tunakamua tui, tunaliinjika motoni mpaka maji yaishe na mafuta yaelee. Wao walitumia jua na kaa. Njia mbili, nazi ile ile.

Lakini njia ile ilikuwa na kasoro. Mwaka 1769 meli ya nahodha James Cook ilipotia nanga Tahiti, alikuwemo mtaalamu wa mimea aitwaye Joseph Banks. Aliandika habari za mafuta haya ya nywele, na hakuyasifia: alisema kwamba aghalabu yalikuwa yamevunda na kwamba harufu yake haikumpendeza. Mnaocheka mnaijua harufu hiyo. Inatoka kwenye maji. Ua bichi lina maji, nazi iliyokunwa ina maji, na maji yakikaa ndani ya mafuta yanaikata asidi kutoka kwenye mafuta mpaka harufu igeuke. Mafuta ya nazi yana bahati moja kubwa: karibu asilimia 90 yake ni mafuta ya aina inayoganda, na hayo hayaharibiwi haraka na hewa kama mafuta ya alizeti. Adui yake ni maji. Hili lishikeni, maana sheria nitakayoisimulia baadaye kwa sehemu kubwa ni vita dhidi ya maji na uchafu.

Matumizi? Karibu maisha yote. Mtoto akizaliwa anapakwa. Mwenye maumivu anakandwa kwa mafuta hayo. Wana ukandaji wao wa asili unaoitwa taurumi. Wavuvi na wapiga mbizi walijipaka kabla ya kuingia kwenye maji ya chumvi. Ibada za kale zilikuwa nayo, na maiti walipakwa.

Kule Visiwa vya Marquesas, ambavyo pamoja na Tahiti vimo katika Polinesia ya Kifaransa, nchi iliyo chini ya Ufaransa, akina mama hawaishii kwenye tiare. Wanachanganya sandali ya kusagwa, langilangi, rehani, na ua la mkadi wa kwao. Mama yeyote wa Tanga, Pemba au Lamu aliyewahi kufunga kikuba akakitia asumini, rehani, langilangi na mkadi, hahitaji mkalimani kwa wale wanawake. Langilangi yenyewe majirani zetu Wakomoro wanaikamua na kuiuza kwa watengeneza manukato wa Ufaransa, na ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani.

Na Tonga, mbali kidogo upande wa magharibi, kuna desturi moja ninayoipenda kupita zote. Binti anapocheza ngoma ya heshima anapakwa mafuta ya nazi ya kunukia mikononi, mabegani na shingoni mpaka ang'ae. Watu wanaopendezwa wanainuka kwenye viti vyao, wanakwenda kumbandika noti mwilini. Noti inanasa kwenye mafuta. Wanaita fakapale. Nyinyi mnaoinuka kwenye taarabu kumtunza mwimbaji, na noti zinadondoka, mtoto anatumwa kuziokota, mnaona wenzenu walivyolitatua tatizo hilo.

Wamisionari kutoka London walifika Tahiti mwaka 1797. Hawakupenda ngoma, hawakupenda chale, na maua na mafuta kwenye nywele waliyatazama kwa jicho baya. Monoi haikufa. Ilirudi majumbani, kwa akina mama, ambako wamisionari hawakuwa na la kusema.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni biashara ya mbata. Viwanda vya sabuni vya Ulaya vilihitaji mafuta, na visiwa vya Tuamotu, vile vya matumbawe vilivyo chini sana usawa wa bahari, vikajazwa minazi. Udongo wake ni chembe za matumbawe, chakula kingine kinaota kwa shida, lakini mnazi unastawi. Mpaka leo ukienda huko unaona shina la mnazi limefungwa pete ya bati ili panya asipande. Nazi zinapasuliwa kwa shoka, nyama inang'olewa kwa kisu kilichopinda, inatandazwa kwenye vichanja vyenye paa la kusukuma. Wingu likitanda, paa linavutwa mara moja. Magunia yanasubiri meli inayozunguka visiwani, yanapelekwa Papeete, mji mkuu, kwenye kinu cha mafuta. Serikali inafidia bei ya mbata, na kama isingefidia, visiwa vingi vingebaki na ndege tu. Niwaambie ukweli bila kuupamba: mbata kule si biashara inayojitegemea, ni njia ya kuwaacha watu waishi kwao.

Kati ya mwaka 1966 na 1996 Ufaransa ililipua mabomu ya nyuklia ya majaribio 193 katika visiwa vya Moruroa na Fangataufa, huko huko Tuamotu. Vijana waliacha minazi wakafuata mishahara ya kambi za jeshi na ya mjini Papeete. Fedha za majaribio zilipoanza kutia mashaka, nchi ilibidi ijiulize ina nini cha kuuza ambacho ni chake. Ina lulu nyeusi, ina watalii. Na ina mafuta ya bibi.

Mafuta ya bibi wakati huo yalikuwa yameshavamiwa. Wafaransa walikuwa wamejifunza kujipaka monoi ufukweni ili ngozi ipate rangi ya jua, na soko likawa kubwa. Palipo na soko pana wajanja: mafuta ya bei rahisi, manukato ya kiwandani, picha ya mnazi na binti mwenye ua sikioni, basi, monoi hiyo. Watahiti wakaamua kulifunga jina. Tarehe 1 Aprili 1992 ilitoka amri ya serikali ya Ufaransa inayosema Monoï de Tahiti ni jina la asili ya mahali, ulinzi wa aina ile ile ambayo Wafaransa wamezoea kuupa mvinyo na jibini zao. Wiki moja baadaye Ufaransa ilitangaza kusimamisha majaribio ya nyuklia, ingawa iliyarudia mwaka 1995 kabla ya kuyaacha kabisa. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini kwa mtu wa Papeete mwezi ule ulikuwa na uzito wake.

Sasa masharti, na hapa naomba wenye kalamu waandike. Nazi lazima ziwe za Polinesia ya Kifaransa, za kwenye udongo wa matumbawe. Ua lazima liwe tiare ya huko huko, linachumwa likiwa bado tumba, kabla halijafunguka. Likichumwa linaingia kwenye mafuta ndani ya saa 24. Maua yasipungue 10 kwa kila lita ya mafuta. Yakae humo siku zisizopungua 10. Kazi yote ifanyike huko huko.

Mmeona kitu? Hakuna neno "bora" katika masharti hayo. Hakuna "maua ya kutosha", wala "kwa muda mrefu", wala "kwa upendo". Kila sharti linahesabika. Mkaguzi anaweza kuingia kiwandani akahesabu maua, akatazama tarehe kwenye pipa, akauliza ua hili limechumwa lini. Binafsi naona maua 10 kwa lita ni machache, na anayetaka harufu nzito hakatazwi kuongeza. Lakini 10 yanayohesabika yana nguvu kuliko "mengi" yasiyojulikana idadi. Watengenezaji walikubaliana wenyewe kujifunga, wakaunda umoja wao wa kulilinda jina na kulitangaza, na washindani wanaogombea mteja mmoja wakakaa meza moja kwa ajili ya hilo. Nawajua watu wa Tanga. Hapo ndipo penye kazi.

Jambo jingine litawaudhi baadhi yenu. Mafuta wanayotumia si yale yaliyokamuliwa bila moto mnayojivunia. Ni mafuta ya mbata yaliyosafishwa mpaka yakabaki hayana rangi wala harufu. Wanafanya hivyo makusudi. Harufu ya nazi ikibaki inapigana na harufu ya tiare. Na kwa nywele, asidi ya loriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi, iko kwenye mafuta yaliyosafishwa kama ilivyo kwenye yale ya kukamua bila moto. Mafuta yenu ya kukamua ni mazuri na yana soko lake. Ila mtu asiwadanganye kwamba kila kilicho bora lazima kiwe kibichi.

Naomba deli.

Haya, tazameni. Chupa hii ya kwanza imeganda, nyeupe tupu, ua liko katikati limeshikwa. Hii ya pili imekaa kwenye barafu ile ile kwa muda ule ule na inamwagika kama nilivyoiweka. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ndiyo maana mafuta yenu Tanga mjini ni majimaji na Lushoto asubuhi yanachotwa kwa kijiko, na wateja wanapiga simu kulalamika kwamba mmewauzia kitu kingine. Hii ya pili niliinunua dukani, duka silitaji. Lebo mbele ina mnazi na machweo. Nyuma, kwa maandishi ya mchwa, neno la kwanza ni Paraffinum Liquidum, yaani mafuta yatokanayo na petroli, halafu manukato, halafu rangi. Nazi hamna. Kwenye hii ya kweli neno la kwanza ni Cocos Nucifera Oil, yaani mafuta ya nazi, la pili ni Gardenia Tahitensis Flower Extract, yaani tiare, mwisho kuna tokoferoli, ambayo ni vitamini E ya kuyakinga mafuta yasiharibike. Viungo huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kinatangulia. Dada wa saluni, kabla hujamwamini mtu wa mauzo, geuza chupa.

Nitende haki pia. Mafuta ya petroli yaliyosafishwa kwa ajili ya vipodozi si sumu. Ubaya wa chupa hii ni uongo wa lebo. Na kuganda kunakwambia kwamba nazi imo tu. Hakukwambii maua yalikuwa mangapi.

Tuje kwenye nywele, maana najua wengi mlikuwa mnasubiri hapa. Uchunguzi unaotajwa zaidi ulichapishwa mwaka 2003 na watafiti wa India. Walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya petroli kwenye nywele, wakapima protini inayopotea nywele zikioshwa na kuchanwa. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu huo, yakipakwa kabla ya kuosha na hata baada ya kuosha, kwenye nywele nzima na zilizoharibiwa. Ni haki mjue watafiti hao walikuwa waajiriwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi. Hata hivyo sababu waliyoitoa inaeleweka: asidi ya loriki ni ndogo na imenyooka, inapenya ndani ya unywele, wakati mafuta ya petroli yanabaki juu. Na unywele ulioshiba mafuta kidogo haunywi maji mengi wakati wa kuosha, kwa hiyo hauvimbi na kunywea sana. Kuvimba na kunywea kila wiki ndiko kunakouchosha.

Kwa hiyo kazini: paka kabla ya kuosha, saa kadhaa au usiku kucha, kidogo, hasa kwenye urefu na ncha. Acha kumimina utosini. Nywele zikilegea na kuloa mafuta mpaka mto unachafuka, hilo si tunzo, ni hasara. Baada ya kuosha, matone machache kwenye viganja yanatosha. Mafuta hayatii maji kwenye nywele. Yanasaidia kuyabakiza yaliyomo, kwa hiyo usipake kwenye nywele kavu zenye njaa ya maji ukategemea zilainike. Wapo wateja ambao nywele zao zinakakamaa kwa mafuta ya nazi, nao muwasikilize, kichwa ni chao. Na hayakuzi nywele. Yanapunguza kukatika, na nywele isiyokatika inaonekana imerefuka. Mteja ukimweleza hivyo atarudi. Ukimwahidi nywele za kiunoni kwa miezi mitatu, atarudi pia, lakini na shangazi yake.

Mwenye mba mkaidi, wa magamba ya mafuta na muwasho, msimpake kichwani hata kama monoi ni ya kweli. Kuna aina ya hamira inayoishi kwenye ngozi ya kila mtu, inaitwa Malasezia, na chakula chake ni mafuta ya aina hii hii. Unamlisha mwizi. Huyo anahitaji shampuu ya dawa, au hospitali.

Ngozi nitapita haraka. Mafuta ya nazi yanalainisha ngozi kavu, hilo halina ubishi. Utafiti mdogo wa Ufilipino wa mwaka 2004, wagonjwa 34 wenye ngozi kavu, uliyalinganisha na mafuta ya petroli na ukakuta yote mawili yamefanya kazi takriban sawa. Usoni kwa mwenye chunusi yanaziba vitundu, ayaache. Mwenye ngozi inayochagua apake kwanza tone ndani ya kiwiko na asubiri siku nzima, kwa sababu maua ya kunukia, langilangi na asumini zikiwemo, yanaweza kuleta muwasho na vipele.

Na jua. Hapa sipiti haraka. Monoi ilipata jina Ulaya kwa watu wanaotaka jua liwachome, na kutoka hapo watu wakadhani ni mafuta ya kukinga jua. Siyo. Monoi ya kawaida haikingi jua kwa kiwango cha kutegemewa, na mafuta yenu vilevile. Hapa Tanzania tuna ndugu na watoto wenye ualbino ambao saratani ya ngozi inawaua kwa sababu ya jua hili hili. Mzazi akija dukani kwako kutafuta mafuta ya kumpaka mtoto wake mwenye ualbino, usimuuzie nazi. Mwelekeze kwenye krimu ya kukinga jua, na Moshi wanatengeneza ya kwao mahususi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kofia pana, mikono mirefu. Shilingi elfu chache za chupa hazina thamani hiyo.

Namalizia na nyumbani kwenu. Msiite mafuta yenu monoi. Si yenu, na mkifanya hivyo mnajiunga na huyu wa chupa ya pili. Asumini ipo uani, langilangi ipo, mkadi upo. Kaeni kikundi, muandike karatasi moja: mbata inakaushwa mpaka iwe na maji asilimia 6 hivi, kwa jua na kichanja na siyo moshi wa makumbi, kwa sababu moshi unaacha vitu vibaya kwenye mafuta, na mbata yenye ukungu inatupwa, haichanganywi. Asumini inachumwa tumba. Maua yanasinyaa usiku mmoja juu ya kitambaa safi ili yapunguze maji. Mafuta yanapashwa yawe vuguvugu tu, maua yanazama yote, chupa ni ya kioo na imekauka kabisa. Yakishatoa harufu yanachujwa, mafuta yanatulia, na kile kitone cha maji kinachokaa chini kinaachwa chini. Maua mangapi kwa lita? Semeni nyinyi, mkubaliane namba, kisha mtu mmoja aliyechaguliwa na kikundi awe na haki ya kukataa pipa la mwenzake. Sampuli iende TBS, shirika la viwango. Tarehe ya kutengeneza iandikwe. Cameroon pilipili yao ya Penja ilipata ulinzi wa jina mwaka 2013, kwa hiyo hili si jambo la visiwa vyenye mgongo wa Ufaransa peke yake.

Kuna mama alinivuta pembeni kabla hatujaanza akaniuliza kama monoi inamfaa mjukuu wake wa wiki mbili. Nimemwambia, na nawaambia wote: mtoto mchanga, mafuta matupu yasiyo na ua wala marashi, kidogo, na ngozi ikibadilika aonwe na daktari. Maswali mengine karibuni.